Listi ya Mashua na Jina Nililolificha

Nchelenge, kando ya ziwa

Feza mwanangu, wewe mwenye jina la mama ya baba yako,

Ninakusalimia sana. Wakati unasoma karatasi hii utakuwa umekwisha kufika Chienge. Basi ninakusalimia kama mutu wa mbali, hata kama sasa hivi ninasikia sauti yako kule kanisani, unaimba na wenzako wa koral kwa kuwaaga. Baba yako anakusalimia. Amekaa inje na nyavu, anafanya kama anashona, lakini tangu asubuhi ameziba tundu moja tu. Ilunga mudogo wako anakusalimia na anasema kitanda chako amekwisha kukirithi, usikasirike. Bana Chanda, yule mama jirani yetu, anakusalimia, na Chanda mwenyewe, na yule mutoto mupya ambaye hawajamupatia jina. Ba Kapembwa anakusalimia. Anasema mbuzi wake pia anakusalimia, unajua namna alivyo. Mama Pasta anakusalimia na anauliza kama umebeba Biblia ya Swahili ama ile ya Kibemba. Mimi mama yako ninakusalimia wa mwisho, juu ni mimi mwenye maneno.

Nkambo wako, mama ya baba yako, siwezi kumutia ndani ya salamu. Lakini barua hii ni juu yake.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji, wala ya kufunga chandarua, wala ya watu wa kutembea nao. Baba yako atakuambia hayo yote pale barabarani mupaka gari iondoke, na wewe utasema ndiyo baba, ndiyo baba. Mimi niko na neno moja ambalo nimekaa nalo miaka. Ku simu singeweza kulisema. Ningelia, na wewe ungefikiri ni mtandao. Unajua nilisoma mupaka mwaka wa tatu tu, na madarasa ya wamama ku kanisa. Siku zote Ilunga ananisaidiaka na herufi. Leo sikumuita. Ukiona herufi zimelala, zisimamishe mwenyewe.

Siku ulipopata kazi hii ya kanso, baraza la wilaya, ya kuandika watu wa kando ya maji, nyumba kwa nyumba, ili wakubwa wa boma wajue mashua ipite wapi kama ziwa likipanda, na nani abebwe mugongoni, ulisimama mbele ya wageni ukasema: “Mimi sitafanya kama yule Ba Mulenga wa kanso. Yeye alimuacha nkambo wangu ndani ya maji.” Watu walipiga mikono. Mimi nilitoka nikaenda kuangalia sufuria ya bukari ku moto, na bukari ilikuwa imekwisha kuiva. Kisha tukasikia kama Ba Mulenga walimuhamisha Chienge, na ni yeye atakuwa mukubwa wako. Ukacheka vibaya. Ukasema: “Vizuri. Nitamuangalia ndani ya macho kila asubuhi.”

Feza, usimuangalie hivyo. Soma kwanza mupaka chini.

Unakumbuka jina la mujomba wako Mwamba? Ulikuwa mudogo, tulikuambia alipotea ku vita. Ni kweli, lakini si yote. Kule ng’ambo ya ziwa tulikotoka, mbele ya vita kufika kwetu, mwalimu wa kijiji alipita na daftari akiandika watu ili wapewe mustikere za kulalia, mbu wasiwaume. Nyumba ya watu wengi ilipata nyingi. Mwamba hakuwa mutu wa nyumba yetu, alikuja siku zile kunisaidia kulima. Lakini mimi nikamutaja. Nikasema na Mwamba, muandike, kaka yangu, kijana wa miaka kumi na tisa. Tukapata mustikere moja zaidi. Nilijiona mwenye akili kuliko majirani.

Kisha watu wenye bunduki walifika, wakakuta ile daftari ndani ya kabati ya nyumba ya masomo. Walitukusanya wote ku kiwanja cha mupira. Mumoja wao akaanza kusoma majina ya vijana. Nilikuwa nimesimama na nkambo wako, nimekubeba mugongoni. Yule mutu akasoma: “Mwamba.” Na Mwamba akaitika. “Prezaa!” Aliitika vizuri, kwa sauti, kama walivyomufundisha ku masomo. Wakamuchukua pamoja na wengine. Hatukumuona tena.

Nkambo wako alinishika mukono tukirudi. Akasema: “Kama angenyamaza.” Hakujua ni nani alimuandikisha. Mimi nilijua.

Bon. Tukavuka ziwa. Pale Kenani, ku kambi ya wakimbizi, wakatuandika, na mimi nilitaja majina yetu hata kama niliogopa, juu kulikuwa njaa na wewe ulikuwa unahara. Nkambo hakuvuka pamoja nasi. Alikataa kuacha kaburi la mume wake. Alikuja nyuma, miaka miwili kisha, ndani ya mashua ya wauza samaki, akashukia hapa hapa kando, akaingia mu nyumba yetu bila kupita Kenani, bila karatasi yoyote. Unakumbuka furaha ya baba yako. Ulikuwa umebeba jina la mama yake, Feza na Feza, na jioni zote alikuwa anawaita wawili pamoja kusudi muitike pamoja. Mimi nilicheka nanyi. Lakini ndani niliogopa. Nilifikiri, siku wakimuona huyu muzee hana karatasi watamurudisha kule.

Basi miaka ikapita, Ba Mulenga akaja. Ilikuwa kiangazi, wewe ulikuwa umekwisha kwenda ku masomo ya kulala. Alikuja na watu wawili wa komite ya kijiji na daftari. Kofia ya kanso ku kichwa, viatu vya mpira vimejaa muchanga. Hakuketi. Bana Chanda alimupa kiti, akasema ahsante mama, nyumba bado ni nyingi. Alisema mwaka huu kanso inapanga mbele ya mvula, hawataki tena kukimbia huku na kule kama kuku wakati maji yamekwisha kuingia. Nyumba ya masomo ya pale juu itapokea watu. Mashua ya injini itapita upande wetu. Ba Kapembwa atapuliza filimbi. Mpango ulikuwa muzuri, Feza. Mupaka leo ninasema ulikuwa muzuri.

Akaniuliza na Swahili yake ya soko: “Mayo, mama, mu nyumba muko bangapi?”

Nkambo wako alikuwa nyuma ya mulango wa jiko, anamenya karanga. Nilisikia maganda yanaanguka ndani ya sahani. Kisha maganda yakanyamaza.

“Tuko bane,” nikasema. “Mimi, bwana yangu, Ilunga, na Feza.”

“Muzee hakuna? Mugonjwa? Mutu wa kushindwa kutembea?”

“Hakuna.”

Akaandika. Bana Chanda aliniangalia. Yeye alijua bukari yangu ilikuwa ya watu watano, alikuwa anaiona kila siku. Lakini ni mwanamuke wa heshima, hakunipinga mbele ya wageni. Walipoondoka alisema tu: “Mama Feza, ukihesabu vibaya unga, mutalala njaa.” Nikamujibu kila mutu aangalie sufuria yake. Tangu siku ile hakurudilia neno, na mimi nilifikiri nimeshinda.

Ndani, nkambo wako alikuwa anacheka. “Aksanti mukwe wangu. Feza mudogo ameandikwa, Feza mukubwa amekuwa muzimu. Leo usinipikie, mizimu haikulaka.” Kisha akanikamata mukono kama siku ya kiwanja cha mupira. “Umefanya vizuri,” akasema. “Kama hangeandikwa, Mwamba hangekufa.”

Alinisifu, mwanangu.

Tena nilimufundisha. Sikiliza, hapa ndipo kosa langu liko, si ile ya kusema bane peke yake. Nilimuambia, mama, ukisikia watu wa daftari, usitoke, usikohoe. Wakiita jina, usiitike. Na kila nikienda ku soko ya Kashikishi kuuza chisense, wale samaki wadogo, nilifunga mulango kwa inje na kipande cha waya, watu waone kama nyumba haina mutu. Yeye mwenyewe alikuwa ananikumbusha: “Umesahau waya.”

Wakafanya mazoezi ya filimbi. Ulikuwa haupo, lakini Ilunga alikuhadisia mara mia. Ba Kapembwa alipuliza, watoto wakakimbia wanacheka, Mama Pasta akaanguka ndani ya matope na kofia yake nyeupe. Kisha Ba Kapembwa mwenyewe akakataa kupanda. “Mbuzi wangu iko ku listi?” Wakamuambia muzee, hii ni mashua ya watu. Akasema, “Basi tafuteni mupuliza filimbi mwingine.” Ba Mulenga akafungua daftari, akaandika pa nyumba ya Ba Kapembwa: mutu mumoja, mbuzi mumoja. Tulicheka mupaka tumbo. Mimi pia nilicheka, nimesimama pale na siri yangu. Mbuzi aliandikwa, mwanangu. Mama ya baba yako hakuandikwa.

Siku ya maji ilikuwa muchana. Baba yako alikuwa ng’ambo ya visiwa. Ilunga ku masomo. Mimi Kashikishi na karai yangu. Mvula ilikuwa imenyesha siku nyingi, na upepo mukubwa ukasukuma ziwa juu ya inchi kavu. Tulipoona maji yanaingia sokoni nilianza kukimbia, lakini barabara ilikuwa imekatika pa daraja ndogo, na watu walinishika kitenge wasiniache nipite. Nilipiga kelele muna mutu mu nyumba yangu. Mumoja wa komite ya sokoni, kijana mwenye redio, akaniuliza: “Nani? Jina?” Alikuwa na namna ya kuwaambia watu wa mashua. Ilikuwa ni kusema tu.

Feza, nilisita. Si sana. Kama mutu anavyovuta pumzi mbili. Nilifikiria ile karatasi asiyokuwa nayo. Kisha nikasema, Feza, mama mukwe wangu, muzee. Akasema ndani ya redio. Redio ikamujibu mashua imekwisha kupita kule, watu wamekwisha kutolewa wote, sasa iko upande mwingine na watoto wengi ndani, itarudi.

Ilikuwa imepita kweli. Bana Chanda alikuwa ndani yake na aliniambia yote. Walifika pa mulango wetu. Maji yalikuwa ku magoti. Ba Mulenga aliona waya, akafungua daftari yake, akasoma majina kwa sauti, moja moja, mupaka la mwisho. “Feza! Feza wa nyumba hii, uko ndani?” Bana Chanda akasema kuna muzee. Ba Mulenga akasema mayo, hapa pameandikwa bane, na mulango umefungwa inje. Akaita tena. “Feza!” Hakuna mutu aliyeitika. Nyumba ya mbele watoto walikuwa wanalia juu ya bati. Injini ikaenda.

Baba yako ndiye aliyemukuta, akitoka ziwani. Alikata waya kwa meno ya koleo. Nkambo alikuwa amekaa juu ya meza, maji ku kifua, amekamata ile sahani ya karanga juu ya kichwa zisilowe. Alikuwa muzima. Alikaa siku tano ku kliniki, kifua kikakataa, akafa. Siku ya tatu nilimuuliza, mama, walikuita, kwa nini haukuitika? Akaniangalia kama mimi ndiye mutoto. Akasema: “Waliniita kwa jina langu. Walisoma ku karatasi. Nikajua ni wale.”

Jina walilosoma lilikuwa lako. Yeye alifikiri wamekuja kumuchukua kama Mwamba.

Ulipofika ku kilio haukuwa unajua kitu, na watu walikuwa wamekwisha kusema mashua ya kanso ilimupita muzee. Ba Mulenga alikuja kuketi na wanaume. Ukasimama mbele yake na unifomu yako ya masomo, ukasema: “Nkambo wangu hakuwa mutu? Mulihesabu mbuzi, yeye mukamupita!” Sitasahau uso wake. Aliinamisha kichwa. Akasema: “Pole, mwana.” Hakufungua daftari. Alikuwa nayo mufukoni, niliiona ncha yake. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, na mimi nikavuta kitenge juu ya uso kama mutu anayelia.

Nilikuwa ninalia kweli. Lakini nilijificha pia.

Ningesema siku ile. Nilifikiri, watasema huyu muke alimufungia mama mukwe ndani kwa chuki, alichoka kumulisha. Unajua midomo ya watu wa kilio. Kisha siku zikapita, na kila siku neno likawa zito kuliko jana. Na wewe ukakua na ile hasira. Ukasoma nayo. Ulikuwa unasoma ku taa ya soko na hasira ile, na mimi nikaona inakubeba, nikaogopa kukunyang’anya.

Mwaka uliofuata, mbele ya mvula, Ba Mulenga alirudi. Safari hii alivua kofia. Akaketi chini ku mukeka, akaomba maji ya kunywa. Akaniambia mpango wamegeuza ku boma. Sasa mashua haipiti nyumba kwa sababu listi inasema hakuna mutu. Wanafungua kila mulango, wanaangalia chini ya kitanda, kisha wanapiga alama ya choki ku ukuta, ndipo wanakwenda. Akasema pia mwanamuke wa kijiji atatembea pamoja na mwenye kuandika, na wakimaliza, watasomea nyumba yenyewe yale waliyoandika. Kisha akasimama pa mulango wetu. “Mama Feza, naomba ruhusa nijaribu kufungua huu kwanza.” Nikasema fungua. Akafungua, akafunga. Hakunilaumu hata kidogo. Ningependa angenitukana.

Ni juma lililopita tu nilimuambia baba yako. Zikapita siku tatu. Alikula, alienda ziwani, akarudi, hakunisemesha. Siku ya nne akaketi karibu yangu, akasema: “Mama yangu alijua. Aliniambia ku kliniki mambo ya listi na ya waya. Aliniambia nisikuulize, siku moja utasema mwenyewe.” Kisha akasema: “Mimi nimemaliza. Lakini mutoto anaenda kumuchukia mutu asiyekuwa na kosa. Umuandikie.”

Ndiyo sababu ninaandika.

Sasa wewe ndiye utashika daftari. Siwezi kukufundisha kazi yako, lakini ninajua yule anayesimama upande wa pili wa daftari, juu ni mimi. Utamukuta. Kule Chienge wako wengi waliovuka kama sisi. Utamuuliza muko bangapi na ataangalia chini, ama ataangalia mulango wa jiko. Usimukaripie. Usiandike haraka. Omba maji, keti, angalia sufuria. Muambie karatasi ile italala wapi na nani ataisoma, na kama haujui, useme haujui, kisha uende ukaulize. Pengine hatakuambia siku ile. Rudi. Mimi kama Ba Mulenga angerudi mara ya pili na kuketi, sijui, labda ningesema. Labda singesema. Nisidanganye tena.

Na usifikiri daftari ni mbaya kwa sababu ya mambo haya. Nilifikiri hivyo miaka mingi na iliniponza. Ya Mwamba nilitoa jina kwa tamaa, ya nkambo nilinyima jina kwa woga, na mara zote mbili nilijiamini mimi ndiye mwerevu. Watu wa mashua wangembeba. Walikuwa na kamba. Walikuwa na blanketi kavu pale masomo ya juu, Bana Chanda alilala ku moja.

Kwa Ba Mulenga, sijui umuambie nini. Labda umuonyeshe karatasi hii. Ama umusalimie tu kwa jina langu, useme mama Feza anasema walikuwa watano. Yeye ataelewa.

Ninajua unaweza kukasirika. Unaweza kusema nimekuondolea sababu ya kazi yako siku ya kwanza ya kazi. Unaweza kukataa kuniita mama kwa muda. Nitavumilia hiyo. Kitu kimoja sitaweza. Nikikaa hapa na ziwa hili mbele yangu na simu haisemi kitu, nitafikiri umefunga mulango na uko ndani unanisikia. Mimi ndimi niliyemufundisha mutu kunyamaza akiitwa. Wewe sikukufundisha hivyo.

Sauti za koral zimenyamaza, sasa unarudi. Ninakunja karatasi, ninaitia kati ya vitenge vyako, chini ya kile cha bluu cha nkambo.

Ukimaliza kusoma usingoje mwisho wa mwezi, usingoje kupata mutu wa kuja Nchelenge. Siku ile ile tuma neno ku simu ya baba yako. Hata moja, hata la hasira. Feza, ni mimi, mama yako, ninakuita. Itika.